Kaka, Mbona Hakumwambia Jina Lake?



Vijana wenzangu, leo nawaandikia nikiwa nyumbani Malolo, wilaya ya Kilosa. Wale mnaosafiri barabara ya Morogoro–Iringa mmeshatupita mara nyingi bila kujua. Mkishaiacha Mikumi, mkashuka kwenye bonde la mibuyu, mkaanza kuona vitunguu vimepangwa kando ya lami, mjue mko jirani. Sisi tuko ndani kidogo. Mchana nashinda shambani na mama, jioni niko kigangoni na katekista na vijana, usiku ndio napata nafasi ya kusoma na kuandika.

Sasa, usiku mmoja wiki iliyopita nilimkuta mdogo wangu amekaa mkekani nje ya mlango, uso wote unang'aa kwa mwanga wa simu. Mama alishalala. Nikamuuliza anafanya nini saa tano hii ya usiku, akasema, "Nasoma." Nikachungulia. Kweli alikuwa anasoma, ila siyo kitabu. Lilikuwa gemu la Kijapani, yale ya aina ya riwaya ya picha. Mhusika amesimama anakutazama, maneno yake yanatokea chini ya kioo, unabonyeza, yanakuja mengine. Kila baada ya muda linakuuliza: utamjibu hivi, au vile? Ukijibu vizuri, moyo wake unasogea kwako. Ukijibu vibaya, hadithi inaishia pabaya.

Na hii ilikuwa hadithi ya mapenzi ya majasusi. Msichana wa kawaida anaajiriwa kwenye ofisi moja mjini Tokyo, kumbe ofisi ni kivuli tu, wenzake wote ni watu wa usalama. Kuna mpole, kuna mkali, kuna mcheshi, na kuna yule asiyecheka kabisa. Unachagua mwenyewe utampenda nani. Mdogo wangu alikuwa amemchagua asiyecheka.

Nitasema ukweli. Nilikaa pale mkekani nikiwa na mahubiri tayari mdomoni. Frateri akimkuta binti anasoma mapenzi ya Kijapani usiku wa manane, mahubiri yanajiandika yenyewe: bando, muda, masomo, usafi wa moyo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Yeye akaniwahi.

"Kaka," akasema, "huyu amempenda dada wa watu kweli. Amemkinga hata risasi. Sasa mbona mpaka leo hajamwambia jina lake?"

Nikanyamaza. Yeye alidhani nafikiria habari za Wajapani. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso.

Kwa nini swali lile lilinichoma nitawaambia mbele kidogo. Kwanza tuliangalie swali lenyewe, maana ni kubwa kuliko gemu.

Kwa nini tunapenda majasusi

Gemu za mapenzi za namna hii, zinazotengenezwa kwa ajili ya wasichana, Wajapani wanaziita otome. La kwanza kujulikana linaitwa Angelique. Lilitoka mwaka 1994 katika kampuni ya Koei, na kundi lililolitengeneza lilikuwa la wanawake. Kwa hiyo jambo lenyewe lina umri kunizidi mimi.

Na sisi Waswahili hatukuanza jana kuwajua majasusi. Baba yangu ana kabati la vitabu vichache, na kimoja kimeshakatika gamba kwa kusomwa: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974. Kizazi cha baba kilikua na Willy Gamba, mpelelezi anayevuka mipaka, anayebadilisha hoteli na majina, na warembo hawakosi pembeni. Wengine walimfuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Baba akinikuta na simu ananiambia vijana wa siku hizi tumepotea. Mimi namwonyesha kabati, tunacheka, yanaisha.

Nini kinatuvuta sote, baba na binti yake? Nadhani siyo bastola. Jasusi ni mtu ambaye dunia nzima haimjui. Anamdanganya bosi, anamdanganya adui, anamdanganya jirani. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo siku moja akugeukie wewe peke yako aseme: wewe nakuambia. Hiyo ndiyo ladha yenyewe. Kila mmoja wetu anatamani awe yule mmoja anayeambiwa.

Na hamu hiyo, jamani, siyo dhambi. Someni Yohane 15:15. Usiku ule wa mwisho Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa. Anawaita rafiki. Na sababu anayoitoa ni kwamba yote aliyoyasikia kwa Baba amewajulisha. Angeweza kutaja miujiza aliyowafanyia au mikate aliyowalisha, hakuitaja. Kipimo chake cha urafiki ni kwamba amejifunua. Hata kabla ya hapo, kwenye kichaka kinachowaka moto, Musa aliuliza jina na Mungu akampa (Kutoka 3). Yeye asiyelazimika kumwambia mtu chochote ndiye aliyeanza kujitambulisha.

Kwa hiyo mdogo wangu aliuliza swali la Kibiblia bila kujua. Anayependa hutoa jina lake. Asiyelitoa, anafanya nini?

Augustino na majasusi wa Kanisa

Nilipokuwa nasoma falsafa niliandika insha ndefu juu ya uongo. Nilipata alama nzuri. Naomba mkumbuke hilo, litarudi.

Katika insha ile nilieleza kisa kimoja cha mwaka 420 hivi. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, huku huku Afrika, nchi ambayo leo ni Algeria, alipokea barua kutoka kwa mtu aitwaye Consentius. Kulikuwa na wazushi walioitwa Wapriskiliani, waliojichanganya na Wakatoliki na kuficha imani yao kwa uongo. Hoja iliyokuwepo ilikuwa hii: mbona na sisi tusitume Wakatoliki wajifanye Wapriskiliani, waingie ndani, wajue siri zao, tuwakamate? Yaani majasusi wa Kanisa, kwa lugha ya leo.

Augustino alijibu kwa kitabu kizima, Dhidi ya Uongo. Jibu ni hapana. Utamtoaje mtu kwenye uongo kwa kumwonyesha kwamba hata wewe unautumia? Akagusa mpaka habari ya Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi wa Israeli darini (Yoshua 2). Augustino anasema Rahabu hakubarikiwa kwa sababu ya uongo wake. Alibarikiwa kwa wema aliowatendea watu wa Mungu.

Lakini kuna sehemu moja niliyoipenda mno. Augustino anatofautisha kusema uongo na kuficha ukweli. Si kila anayenyamaza anadanganya. Padre hasemi ya kitubio, daktari hasemi ya mgonjwa, na Bwana wetu mwenyewe anatufundisha kusali na kutoa sadaka kwa siri, mbele ya Baba aonaye sirini (Mathayo 6). Siri peke yake siyo dhambi.

Hapo ndipo nilipomkodi Augustino awe wakili wangu.

Jasusi alikuwa mimi

Mwaka wangu wa mwisho wa falsafa nilikuwa na akaunti mtandaoni. Jina nililotumia ni jina langu la ubatizo la pili, ambalo hakuna anayeniita. Picha ni yangu, lakini ile ya kabla ya kanzu. Huko nikafahamiana na binti mmoja, mwanakwaya wa parokia ya mbali. Tulianza na nyimbo za Misa, tukaenda kwenye mambo ya chuo, tukaenda kwenye mambo ya nyumbani kwao. Alipouliza nasoma nini, nikasema, falsafa. Kweli tupu! Alipouliza mbona simu yangu haipatikani mchana, nikasema tuna utaratibu mkali. Kweli tupu! Neno moja tu ndilo sikulisema: frateri.

Hatukuwahi kuonana. Hakuna nilichomgusa. Kila usiku nilijiambia, sijadanganya, nimenyamaza tu, na Augustino yuko upande wangu. Miezi minane.

Halafu jioni moja akaniandikia kwamba amemwambia mama yake habari zangu, na kwamba wanasali rozari pamoja kwa ajili yetu. Kwa ajili yetu. Nilisoma ujumbe ule nikiwa njiani kwenda Masifu ya Jioni. Niliingia kikanisani, nikafungua mdomo, zaburi haikutoka.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimepanga kila neno ili aamini kitu kisichokuwepo. Kunyamaza kwangu kulikuwa kunasema uongo kwa sauti kubwa. Karol Wojtyła, Mtakatifu Yohane Paulo II, aliandika kitabu mwaka 1960, Upendo na Uwajibikaji, na msingi wake ni kwamba mtu hatumiwi kama chombo, hata kwa jambo linaloonekana tamu. Nilikuwa nakijua. Nilishakinukuu kwenye mtihani. Na muda wote ule yule dada nilimtumia, niwe na joto la kupendwa bila gharama ya kujulikana.

Nilikwenda kwa Sakramenti ya Kitubio. Kisha nikamweleza mlezi wangu, kwa sababu niliona ni lazima wanaonilea wamjue mtu wanayemlea. Kisha likabaki lililo gumu kuliko yote. Nilimpigia yule dada, nikamwambia jina langu na mimi ni nani. Alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Kumbe miezi minane yote nimempenda mtu ambaye hayupo." Akakata.

Sina utetezi wa neno lile mpaka leo. Ndiyo maana mwaka huu niko Malolo, mwaka wa kichungaji kabla ya teolojia, wa kusali na kupima wito. Kama nitarudi au la, bado sijajua, na wakubwa wangu nao wanaomba mwanga. Kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa yule dada kwa ujumbe mfupi. Alijibu baada ya siku tatu: "Andika. Ila usinitaje." Simtaji.

Wajapani waliotunza siri

Sasa turudi Japani, maana siku zile nilipokuwa nimevunjika, ni Wajapani walionisaidia.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549, na Injili ikaenea. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mmoja wao, Paulo Miki, alikuwa frateri Mjesuiti, hajapata bado upadre. Tunamkumbuka na wenzake kila tarehe 6 Februari. Akiwa msalabani alitangaza mbele ya watu yeye ni nani: Mjapani, Mjesuiti, anakufa kwa sababu ya kuhubiri Injili. Kisha akawasamehe waliomwua. Frateri mwenzangu huyo hakubakiza jina mfukoni.

Mwaka 1614 Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima. Mapadre waliuawa au wakafukuzwa. Watu walilazimishwa kukanyaga sanamu takatifu mbele ya maofisa. Wengi walikanyaga, kisha wakarudi nyumbani kusali sala ya majuto. Walibatizana wao kwa wao. Walimheshimu Mama Maria kwa kutumia sanamu za Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha, ili mpita njia asitambue. Zaidi ya miaka 200 bila padre, bila Misa. Wazazi waliwanong'oneza watoto, watoto wakawanong'oneza wajukuu.

Tarehe 17 Machi 1865, padre Mfaransa aitwaye Bernard Petitjean alikuwa kwenye kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Kundi dogo la watu kutoka kijiji cha Urakami likaingia. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamnong'oneza kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja. Akauliza sanamu ya Mtakatifu Maria iko wapi. Baba Mtakatifu Fransisko alikikumbusha kisa cha jumuiya hiyo mwezi Januari 2014, alipokuwa anafundisha juu ya Ubatizo.

Mababu zao walikuwa wamewaachia alama za kumtambua padre wa kweli atakaporudi. Awe anamtii Papa wa Roma. Awe anamheshimu Mama Maria. Na awe hana mke, anaishi useja. Kwa hiyo katika siku zile waliuliza maswali hayo, na useja ulikuwa mmoja wa majibu yaliyowahakikishia kwamba huyu ndiye.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Wakulima waliokaa vizazi saba bila Ekaristi wangekuja kunipima mimi kwa swali hilo, ningewaambiaje? Kwamba nasoma falsafa?

Na kujitambulisha kule hakukuwa bure. Miaka michache baadaye, kuanzia 1868, watu zaidi ya 3,000 wa Urakami walikamatwa na kuhamishwa mbali na kwao, mamia wakafia huko. Marufuku iliondolewa mwaka 1873. Walijua hatari hiyo walipoingia mlangoni. Waliingia.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ambacho insha yangu haikunipa. Siri ya watu wa Urakami ilikuwa inaingojea siku ya kusema. Siri yangu ilikuwa inaiogopa siku hiyo. Wao walificha ili kulinda upendo mpaka wapate wa kumwambia. Mimi nilimficha yule yule niliyesema nampenda.

Basi, kijana mwenzangu

Sikuandika haya ili ufute gemu lako. Mdogo wangu ameboresha Kiingereza chake humo, na ameuliza swali lililonitikisa kuliko mafungo mawili. Cheza, lakini kwa kiasi, na ulale mapema kumsaidia mama asubuhi. Ila tambua tofauti moja. Kwenye gemu, ukikosea jibu, unarudi pale ulipohifadhi, unachagua tena, na yule mtu wa kwenye kioo hakumbuki chochote. Huku kwetu mtu anakumbuka. Mama yake naye anakumbuka, na rozari zilizosaliwa haziwezi kufutwa.

Kwa hiyo jioni ya leo chukua simu yako, pitia majina yaliyomo. Kuna mtu anayekupenda kwa jina ambalo siyo lako? Pengine umemwambia huna mchumba na unaye. Pengine umejitia una kazi na huna, au umeficha mtoto, ugonjwa, dini, ndoa. Usijiulize tu kama umetamka uongo. Jiulize: siri hii inaingojea siku ya kusema, au inaikimbia? Ukiona inaikimbia, nenda kwanza kwa padre, kiti cha kitubio hakina gharama. Kisha nenda kwa mhusika. Usisubiri aanze kusali kwa ajili yenu.

Na kama wewe ndiye uliyedanganywa, pole sana. Naandika neno hilo nikijua sistahili kulisema. Haukuwa mjinga. Ulipenda kweli, na upendo wako ulikuwepo hata kama mtu wako hakuwepo. Yeye Mchungaji anayewaita kondoo wake kwa majina (Yohane 10:3) alikuwa anakujua wewe kwa lako muda wote ule.

Nirudi mkekani nimalizie. Usiku ule nilimwambia mdogo wangu yote, kama nilivyowaambia ninyi. Aliigeuza simu ikalala kifudifudi. Akauliza, "Ulimwomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Amekusamehe?"

"Bado."

Akafikiri kidogo. "Basi subiri, Kaka. Hii haina kurudi nyuma." Kisha akakunja mkeka, tukaingia ndani.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyetuita rafiki na kutujulisha yote, utupe ujasiri wa kujulikana. Uwaponye wote tuliowajeruhi kwa majina yasiyo yetu. Utufundishe kunyamaza panapofaa na kusema panapotupasa. Mtakatifu Paulo Miki na wenzako, mtuombee. Amina.

Kristo! Tumaini letu.